Jiolokata ya mguuni kwa ndege wa Aktiki: ni nani avishwe, na ni nani asiguswe

Kwa ndege wa fukwe wanaozaliana Aktiki wenye uzito wa gramu 100 na zaidi, jiolokata ya mwanga bado tunaipa alama za juu. Ni nyepesi, haina ada ya setilaiti, na humfuata ndege mwaka mzima kwa sehemu ndogo ya bei ya kisambazaji cha setilaiti. Kwa vitwitwi wa gramu 26 hatuipendekezi kabisa. Kazi ya kupima kwa makini iko kwa ndege walio katikati ya hao wawili.

Kifaa ni kidonge chenye kihisi cha mwanga, saa, betri na kumbukumbu. Aina ya Intigeo, inayotengenezwa na Migrate Technology ya Uingereza, huandika kila baada ya dakika 5 mwanga mkali zaidi iliouona, na toleo dogo linalozoeleka kwa ndege hawa lina uzito wa kama gramu 0.65. Hakitumi ishara yoyote. Ukikipata tena, programu husoma nyakati za macheo na machweo: urefu wa mchana hutoa latitudo, na saa ya adhuhuri, jua likiwa katikati, hutoa longitudo. Kosa la kilomita 100 hadi 200 ni la kawaida. Kitakuonyesha ndege alipumzika pwani ipi, lakini usikidai kikuambie ni kwenye kidimbwi kipi.

Kwa maswali ya ukubwa huo kimeshathibitika. Mwaka 2009 jiolokata za gramu 1 zilifungwa kwa ndege wa fukwe aitwaye Arenaria interpres kusini mashariki mwa Australia. Zikaonyesha ndege hao wakiruka kama kilomita 7,600 bila kutua hadi Taiwan, na mmoja wao akifanya mzunguko wa takriban kilomita 27,000 hadi kwenye maeneo ya kuzaliana na kurudi. Kabla ya hapo njia hiyo ilikuwa ikikisiwa kwa pete zilizookotwa huku na kule.

Mizani ndiyo huamua yote. Wengi hushika kanuni ya asilimia 3 ya uzito wa mwili, kisha hupima kidonge peke yake. Hilo ni kosa. Pima kidonge, kibendera (bapa dogo la plastiki linalovishwa mguuni), uzi, gundi na pete zote za rangi kwa pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Movement Ecology, uliohusu spishi 16 kwenye maeneo 23 ya kuzaliana na 8 ya nje ya msimu huo, ulikuta madhara yanajitokeza zaidi pale mzigo wote unapofikia asilimia 2.5 hadi 5.8. Asilimia 2.5 ya ndege wa gramu 26 ni gramu 0.65: kidonge kimekwisha kula fungu lote, na kibendera bado. Matokeo yake ni mazito. Kwa Calidris pusilla, kitwitwi wa gramu 26, kiwango cha kurudi kilishuka kwa asilimia 63 na mafanikio ya viota kwa asilimia 42. Uwezekano wa kupoteza baadhi ya mayai ulikuwa mara tatu kwa pusilla na kwa kitwitwi mwenzake, Calidris mauri. Kwa arcticola, jamii ndogo ya Calidris alpina ambayo ina uzito wa karibu mara mbili ya pusilla, kurudi kulishuka kwa asilimia 43. Kwa hiyo hata hesabu nzuri ya asilimia haitoshi kumlinda ndege. Kifaa kinachomwondoa ndege unayetaka kujua kwa nini anapungua hakina utetezi.

Namna ya kufunga nayo ina pande mbili. Kidonge kilichotokeza kikiwa kimekingama na mguu juu ya kibendera kilidhuru viota zaidi, pengine kwa kugonga mayai. Kilicholazwa sambamba na mguu juu ya pete kilipunguza kurudi zaidi. Hakuna mtindo ulio salama kwa wote. Sisi tungechagua kile kinachotokeza kidogo zaidi, na kuacha pete za rangi zisizo za lazima. Kidonge hufungwa kwa uzi wa Kevlar, fundo likashikwa kwa epoksi, na kazi hiyo imalizwe kambini kabla ya kwenda kutega, kwa sababu epoksi haikauki vizuri kwenye baridi ya tundra. Kibendera hukaa sehemu ya juu ya mguu, kizunguke bila kubana na kisiteleze kupita kiungo. Mshike ndege kwenye kiota kwa mtego wa upinde baada ya mayai manne kutimia na kuatamia kushika kasi. Ukimshika mapema anaweza kukisusa. Siku ya mvua au upepo mkali usitege, mayai hupoa haraka.

Sasa mwanga, na hapa Aktiki inakinyima kifaa chakula chake. Utqiaġvik, kaskazini mwa Alaska, jua halitui kuanzia karibu Mei 10 hadi mwanzoni mwa Agosti. Bila machweo hakuna nafasi ya kukokotoa, hivyo tarehe ya kufika na ya kuondoka tundra huishia kukadiriwa kwa siku ambayo giza linatoweka na siku ambayo linaonekana tena. Karibu na Machi 20 na Septemba 22, mchana unapolingana na usiku kila mahali, latitudo huharibika kwa wiki kadhaa ingawa longitudo hubaki. Wageni wa kifaa hiki husahau jambo la tatu: kukisawazisha. Kinatakiwa kikae siku kadhaa mahali panapojulikana, peupe, kabla ya kufungwa. Ukifanya hivyo kambini mwezi Juni hupati machweo hata moja. Kiweke nje kwenu, kusini, kabla ya safari, au tumia njia ya Hill-Ekstrom (hutafuta kipimo cha mwanga kinachofanya latitudo zisiyumbe) kwenye data za msimu wa baridi, ndege akiwa ametulia mahali pamoja. FLightR na GeoLight ni programu za bure za kuchambua data hizi ndani ya R, lugha ya takwimu. Manyoya ya tumbo yakifunika kihisi, kivuli hicho huonekana kama machweo ya uongo, na kusafisha data hizo ndiko kunakokula muda kuliko kitu kingine.

Lakini kivuli hichohicho kina faida ambayo haitangazwi vya kutosha. Ndege anapoatamia hukalia mguu, na jua lisilotua likawa giza kwenye kumbukumbu. Unapata zamu za wazazi, siku ya kuanza kuatamia, na siku kiota kilipovurugika kabla ya zile kama siku 20 za kuangua, hata kabla watafiti hawajafika kambini. Theluji inapoyeyuka mapema mwaka hadi mwaka, rekodi hiyo ni ya thamani kubwa. Sababu za mabadiliko hayo, hata hivyo, itabidi uzitafute kwa mitego ya wadudu, vipimo vya theluji na rula. Ni kwa kupima midomo na kusoma picha za setilaiti za theluji, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, ndipo ilijulikana kwamba Calidris canutus wa rasi ya Taimyr, Siberia, wanaozaliwa miaka ya joto hukua wadogo, kisha midomo mifupi ikashindwa kufikia chaza waliozama matopeni Banc d'Arguin, Mauritania.

Usikifunge kwa spishi zisizorudi palepale. Madume wa Calidris melanotos huhamahama hata ndani ya msimu mmoja, na kifaa kisichorudi ni hasara tupu. Kwa hao afadhali kisambazaji cha setilaiti, kama mwili unaubeba. Kwa wadogo sana kuna vidonge vya redio vya Motus, mtandao wa minara ya kupokea ishara, vyepesi zaidi, ila vinasikika tu penye mnara, na tundra minara ni michache.

Mtafiti wa Mida Creek, Kenya, anayetazama Calidris minuta wa gramu ishirini na kitu waliotoka Siberia, aache jiolokata kabisa na abaki na pete na kibendera kimoja chepesi. Pluvialis squatarola, ndege wa fukwe mwenye gramu kama 200 na anayezaliana Aktiki, anaubeba mzigo bila shida. Ugumu wake ni kumnasa mara ya pili, maana nje ya kiota huna pa kumngojea. Weka bajeti ya nyavu za misimu miwili au mitatu kabla ya kuagiza kidonge cha kwanza.