Nori, wakame na kombu: uzoefu wangu wa mwani wa pakiti hapa Kisumu

Mwani mkavu ninaotumia nyumbani hununua katika duka moja la vyakula vya kigeni hapa Kisumu, na mwingine huagiza kutoka Pwani ukaletwa kwa basi. Ninachoufuatia ni iodini, madini yanayohitajiwa na tezi ya shingo. Ngege, mbuta na omena ni samaki wa maji baridi, na samaki wa aina hiyo hawana iodini nyingi kama wale wa baharini, hivyo sehemu kubwa ya madini hayo hutufikia kupitia chumvi ya pakiti. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kila kilo humpatia mlaji mikrogramu 150 katika gramu 5, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, na hicho ndicho kiasi anachopendekezewa mtu mzima kwa siku. Kwa mtu anayetumia chumvi hiyo, mwani ni nyongeza tu, naye anahitaji kujua ni nyongeza ya kiasi gani.

Pakiti zenyewe hazimsaidii. Kibandiko cha mwagizaji hutaja uzito, nchi ulikotoka na tarehe ya mwisho ya matumizi; kuhusu iodini hakisemi lolote, ilhali tofauti kati ya aina moja na nyingine si ya kupuuzwa.

Nori, zile karatasi nyembamba za kuviringishia wali, ndiyo ninayoipendekeza bila wasiwasi. Vipimo vyake kwa kawaida huwa makumi machache ya mikrogramu kwa gramu, na kwa kuwa karatasi moja ina uzito wa gramu 3 hivi, mlaji hupata kiasi kisichozidi sana mahitaji ya siku, na mara nyingi hata hakifiki hapo. Huipitisha haraka juu ya moto wa gesi mpaka weusi wake ugeuke kijani na harufu ya bahari ianze kutoka, kisha huivunjavunja juu ya wali wa Ahero. Watoto huimaliza kabla wali haujapoa. Kasoro yake ni bei, zaidi ya shilingi 400 kwa karatasi 10, na pia unyevu wa huku kando ya ziwa, ambao huilainisha jioni hiyohiyo pakiti ikiachwa wazi.

Wakame ina iodini zaidi ya nori, lakini bado hutumika bila shida kwa anayeila mara mojamoja. Tahadhari ni kwamba kijiko kimoja kikavu hufura majini mpaka kikajaa bakuli, kwa hiyo asiyeizoea huweka nyingi kupita kiasi. Kwenye mchuzi wa samaki ni tamu kiasi, ingawa utelezi wake haukumpendeza kila mtu mezani kwetu.

Kombu ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Huuzwa kwa vipande vinene, vigumu kama ngozi ya kiatu, vyenye vumbi jeupe ambalo si ukungu bali ni sehemu ya ladha yake. Gramu moja ya kombu kavu mara nyingi hubeba zaidi ya mikrogramu 1,000 za iodini, wakati kikomo cha siku kwa mtu mzima ni mikrogramu 600 barani Ulaya na 1,100 Marekani. Muuzaji alinishauri niichemshe na kuila kila siku kama sukuma wiki, eti husafisha damu. Ushauri huo ni mbaya. Iodini ikizidi huweza kuvuruga tezi ya shingo sawa na inapopungua, na katika pwani ya Hokkaido, Japani, watu waliozoea kula kombu kwa wingi waliwahi kupata goita, yaani uvimbe wa tezi hiyo, kwa sababu hiyohiyo. Ni kweli kwamba kuichemsha kwa robo saa huondoa sehemu kubwa sana ya iodini, lakini iodini hiyo huhamia majini, kwa hiyo anayetupa kombu na kunywa mchuzi hajaepuka chochote. Mjamzito, au mtu mwenye tatizo la tezi hiyo, amwone daktari kabla ya kuigusa.

Mwani mwekundu wa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, ni bidhaa nyingine kabisa. Unalimwa na akina mama kwa kamba baharini, nao hufika ukiwa na chembe za chumvi na mchanga kidogo, kwa hiyo huuosha mara kadhaa, nikaulaza majini usiku kucha, kisha nikauchemsha mpaka uwe rojo ya kuchanganya na juisi ya ndimu na tangawizi. Mwani mwekundu kwa jumla hauna iodini nyingi kama kombu, lakini kiasi hubadilika kulingana na aina na mahali ulipoota, na mfuko niliouziwa haukuwa na kipimo chochote. Wakulima hao wakipimiwa mwani wao na kuandika matokeo kwenye mfuko, nitaulipia zaidi ya ninavyolipia nori. Kwa sasa naagiza nori na mwani wa Kwale. Kombu iliyobaki nimempa rafiki anayefuga kuku, naye nimemwonya asiwape wala asile yeye mwenyewe kabla hajauliza mtaalamu wa mifugo na daktari wake.