Klomifeni: kidonge kidogo, hesabu nyingi

Kwa mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki, klomifeni, dawa ya kuchochea mayai, yafaa: kwa kawaida miligramu 50 kwa siku, siku 5 mfululizo, ukianza kati ya siku ya 2 na ya 5 ya hedhi. Yai hutoka takriban siku 5 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho. Hapo ni rahisi kukosea, mkijamiiana mapema mno.

Kasoro? Huweza kupunguza unene wa utando wa mji wa mimba. Mapacha nao si ajabu. Macho yakiona ukungu au vimulimuli, acha dawa, umwone daktari. Mwenye ovari za vifuko vingi (PCOS) mara nyingi hufaidika zaidi na letrozoli, dawa nyingine ya kuchochea mayai.

Duka la dawa Nairobi likikuuzia bila karatasi ya daktari, lipite tu. Bila utrasaundi ya kupima mayai, kuongeza dozi ni kubahatisha.