Norvasc au amlodipine ya bei nafuu? Tathmini yangu baada ya mama kutumia zote mbili

Mama ana presha, na daktari alimwandikia amlodipine ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Alianzishiwa Norvasc, ambayo ni amlodipine yenye jina la biashara, akaizoea, nami nikawa naifuata famasi za mjini kila inapokaribia kuisha. Mwaka jana, kwa ushauri wa daktari wake wa kliniki, tulihamia amlodipine ya kiwanda cha India, ambayo hata famasi za huku kwetu Mbagala hazikosi. Naandika kwa wenzangu wanaouguza wazazi, kwa sababu dawa ya presha haina kumaliza dozi. Ni ya kila siku, na bei yake unaisikia kila mwezi.

Nianze na presha yenyewe. Tunampima nyumbani asubuhi kabla ya chai, akiwa ametulia kitini, na namba naziandika kwenye daftari. Alipokuwa kwenye Norvasc, ya juu ilicheza kwenye 130 na kitu. Kwenye hii ya bei nafuu, ni vilevile. Hata kuvimba vifundo vya miguu jioni, ambako ni kero inayojulikana ya amlodipine, kumebaki kulekule: hakukupungua, hakukuzidi. Kwangu huo ni ushahidi tosha kwamba kinachofanya kazi mwilini mwake ni kitu kilekile.

Wala si ajabu. Norvasc ni jina la biashara lililotoka Pfizer, na dawa iliyomo ni amlodipine. Hataza yake, yaani haki ya kuitengeneza peke yao, ilipokoma Marekani mwaka 2007, viwanda vingine navyo vikaanza kuitengeneza huko. Wao hawabebi gharama za utafiti wa mwanzo, ndiyo maana bei inashuka. Ila lazima waoneshe kwamba dawa yao inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ya asili. Kipimo kinachotumika ni kati ya asilimia 80 na 125 ya ile ya asili, na hapa ndipo watu wanapotishana kwamba ya bei nafuu ina upungufu wa asilimia 20. Sivyo. Makadirio yote, pamoja na nafasi ya makosa ya takwimu, ndiyo yanayotakiwa kuingia humo, kwa hiyo tofauti halisi ya wastani huwa ndogo sana.

Kuna muuzaji mmoja, simtaji, aliniambia mbele ya mama kwamba ya bei nafuu ni feki. Iliniuma, kwa sababu mama alirudi nyumbani hataki kuimeza. Feki ni dawa ya kughushi, na hata majina makubwa yanaghushiwa. Ukiwa na wasiwasi, uliza kama dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, soma tarehe ya kuisha muda, na nunua famasi yenye mfamasia anayekujibu.

Kwenye ufungaji, Norvasc inashinda. Kidonge chake cheupe chenye pembe mama alikitambua hata bila miwani. Hii tunayotumia sasa ni ya duara, imefungwa karatasi ya bati juu na chini, hivyo haoni kama tundu limeshatobolewa mpaka alipapase kwa kidole. Bati lenyewe ni gumu kwa vidole vya mtu mzima. Sasa namtolea vya wiki nzima kwenye kiboksi chenye siku saba. Pia msikubali kila mwezi mpewe kampuni tofauti: rangi na umbo vikibadilika ovyo, mzee anaweza kumeza mara mbili akidhani ni dawa mbili.

Kwa amlodipine, basi, nachagua ya bei nafuu bila kusita. Pesa inayobaki inanunua dozi ya mwezi unaofuata mapema, na mama hakai siku bila dawa.

Nisingesema hivyo kwa kila dawa. Mpwa wangu ana kifafa na anatumia carbamazepine, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tegretol. Kwa dawa hiyo, mabadiliko madogo ya kiasi kwenye damu yanaweza kurudisha degedege au kumlevya mtoto. Daktari wake ametaka abaki kwenye kampuni ileile aliyotulia nayo, na ikikosekana dukani tumpigie kwanza kabla ya kupokea nyingine. Warfarin ya kuzuia damu kuganda nayo inataka uangalizi wa namna hiyo, na vipimo vya damu kila dawa inapobadilishwa.