Mlimao wa kwenye ndoo: udongo na samadi, au magome ya paini?
Kwa ndoo ya lita 20, udongo wa shamba na samadi hupatikana kirahisi na hushika maji. Shida ni hewa: ukimwagiliwa miezi kadhaa hushikamana, maji yanatuama, mizizi inaoza. Chomoa mche uone: mizizi ya kahawia, ganda lake linachunika kwa vidole.

Magome ya paini ya milimita 5 hadi 15 huacha nafasi za hewa kwa miaka 2 au 3. Ila yasiwe mabichi! Vijidudu vinavyoyaozesha huunyang'anya mti naitrojeni, majani yanageuka njano. Yarundike na unyevu miezi kadhaa kwanza. Yakikauka kabisa hukataa maji. Zamisha ndoo kwenye beseni nusu saa. Kwa mti wa kudumu tunachagua magome, sehemu 3 kwa 1 ya mboji, ingawa utamwagilia mara nyingi zaidi.