Willys MB au CJ-2A: ukarabati upi?

Kwa mbali jeep hizi mbili za kampuni ya Willys ni kama mapacha, ila grili (uso wa mbele wa kupitishia hewa) inazisaliti. Grili ya MB ya vita (1941–1945) kwa kawaida ina matundu marefu tisa na taa ndogo zilizoingia ndani. Ya CJ-2A ya kiraia (1945–1949) ina matundu saba na taa kubwa zilizojitokeza. Injini ni ile ile ya Go Devil, lita 2.2, nguvu farasi 60. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye uhalisi. MB inauzwa kwa historia yake, na historia hiyo mara nyingi imechanganyika: Ford nayo iliunda gari hilo kwa jina la GPW, na jeshini vipuri vilihama kutoka gari moja hadi jingine. Kabla ya kutoa hela, chungulia chini ya rejeta. Kiungo cha mbele cha fremu ya Willys ni bomba la duara. Cha Ford kina pembe. Angalia na bolti, maana Ford iligonga herufi F hata kwenye vichwa vyake. Bodi za kuiga zipo tele, kwa hiyo shahidi ni fremu. Rangi ya kijani haithibitishi chochote (wauzaji wanajua hivyo).

CJ-2A haina kesi nyingi. Ina giaboksi imara zaidi, T-90, ina mlango wa nyuma, na mafuta hujazwa kwa nje; kwenye MB dereva hushuka kwanza, kiti chake kiinuliwe. Anayeanza ningempa CJ-2A. MB itamnogea anayependa kupekua namba na alama, hata gari likikaa juu ya mawe muda mrefu.