Oldupai au Isimila: uanzie korongo lipi?

Oldupai ina jina kubwa, na kwa haki. Ndipo mwanaakiolojia Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Ukisimama ukingoni karibu na makumbusho, unaona tabaka za udongo na majivu ya volkano zimepangana, na katikati nguzo ya udongo mwekundu iliyobaki baada ya maji kula pembeni. Ila lazima upite hifadhi ya Ngorongoro: viingilio, vumbi na mawe, kwa hiyo gari liwe la juu.

Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa, kando ya barabara ya Mbeya. Hata basi la kawaida litakushusha njia panda. Hapa unatembea chini kabisa, kwenye mchanga wa kijito, nguzo za udongo zikikuzidi kimo mara nyingi. Zana za mawe, mashoka ya mkono hasa, bado zimelala pale zilipofukuliwa. Mifupa ya kiboko wa kale ilipatikana humo pia.

Mwenye watoto namshauri Isimila, asubuhi, kabla jua halijakaza. Fuvu la Zinjanthropus lenyewe liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.