Roland AC-33 ya mtumba: uzoefu wangu

Nilitafuta amplifaya ya betri kwa sababu moja tu. Nataka kupiga gitaa langu la akustiki mahali pasipo na soketi, na nisikike zaidi ya wale watatu waliokaa mbele. Mpya zilinishinda bei, nikageukia mtumba na kuipata Roland AC-33 iliyokwaruzwa pembeni lakini spika zake mbili za inchi 5 zikiwa nzima.

Niliijaribu kwa muuzaji nikitumia adapta ya umeme. Ikaimba vizuri, nikalipa, nikaibeba. Ujinga wangu huo! Nanunua kitu kwa ajili ya betri, halafu nakijaribu kwa umeme. Nilipofika nyumbani nikatia betri 8 za AA: kimya. Nikazitoa, nikamulika ndani kwa tochi ya simu, nikaona springi mbili zimevaa ukoko mweupe wenye rangi ya kijani kwa mbali. Mwenyewe wa kwanza alisahau betri za alikalaini humo zikavuja. Siwezi kusema muuzaji alinidanganya, maana sikumuuliza.

Ukoko huo dawa yake ni siki. Majimaji ya betri za alikalaini ni besi, yaani kinyume cha asidi, na asidi ya siki huyaondolea makali. Nilichovya kijiti cha pamba, nikasugua taratibu nikiwa nimevaa glavu, nikapangusa kwa spiriti ya kusafishia, nikaacha ikauke usiku kucha. Springi moja ilikuwa imeliwa kiasi kwamba ilibidi niikwangue kwa msasa laini hadi chuma king'ae. Asubuhi taa ikawaka. Ingekuwa ni ile aina ya betri iliyojengewa ndani, nayo imezeeka, ningekuwa natafuta betri ya kubadilisha ambayo pengine haitengenezwi tena. Ndiyo maana kwa mtumba nazipendelea za AA: betri ikifa, nabadilisha mwenyewe.

Sasa natumia za kuchaji, za NiMH. Kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo nane zinatoa 9.6 badala ya 12, na mwanzoni nilihofu sauti itapooza. Sikuona tofauti. Jioni moja napiga, napumzika, napiga tena, na sijawahi kuzimikiwa katikati ya wimbo. Nikimaliza nazitoa zote. Hilo silisahau tena.

Kuhusu nguvu: kwa umeme ni wati 30, kwa betri wati 20. Kwenye karatasi unaona theluthi nzima imepotea, ila sikio halihesabu hivyo. Tofauti yenyewe haifiki desibeli 2. Inatosha ua lenye watu waliotulia wakisikiliza. Akija mtu na ngoma, basi, gitaa limezikwa. Usiidai zaidi ya hapo.

Sauti yenyewe imenipendeza kuliko nilivyotarajia. Pikapu ya gitaa langu (kinasa sauti cha nyuzi, si gari la kubebea mizigo) ni ya piezo, zile zinazonasa mtetemo chini ya daraja la nyuzi ambazo hutoa mlio mkavu kama unagonga plastiki. Napunguza sauti za kati, naongeza mwangwi kidogo, na mbao inaanza kusikika tena. Koras, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi, ipo, ila ukiizidisha gitaa linakuwa kama limelowa maji. Kuna chaneli ya pili ya maiki yenye vidhibiti vyake, kwa hiyo ninaimba na kupiga bila kubeba kitu kingine. Mzigo wote haufiki uzito wa ndoo ndogo ya maji.

Kitufe cha kuzuia mluzi (sauti ya spika inaporudi kwenye gitaa) kinafanya kazi kweli. Nikiketi karibu mno, nyuzi za besi huanza kunguruma zenyewe. Nakibonyeza, kinaitafuta ile sauti korofi na kuikata. Hata hivyo kusogea hatua mbili pembeni kunasaidia zaidi.

Lupu yake, yaani kirekodi kinachorudia ulichopiga, inarekodi hadi sekunde 40. Ni tamu kwa mazoezi: unaweka kodi nne za gitaa (nota zinazopigwa pamoja), unazirudia, unapiga solo juu yake. Mbele ya watu ni kazi nyingine, kwa sababu bila swichi ya mguu unalazimika kuinama ubonyeze kitufe wakati mkono huohuo unahitajika kwenye nyuzi. Nimeharibu nyimbo mbili hivyo. Swichi haikuja na mtumba wangu, naitafuta.

Kimebaki kidhibiti cha sauti cha gitaa, kinakwaruza kikizungushwa. Ni vumbi tu, nitakipulizia dawa ya kusafishia kontakti. Kwa sasa nakipanga kabla ya kuanza na sikigusi tena.